Rangi ya Tatu Inapolipa

Mcheza wahedi wa sitini kwenye baraza za mtaa wa Mabawa hachagui aina za karata. Kopa, uru, shupaza na pau zote zimo, turufu inajulikana, na kila mmoja anapambana na alichogawiwa mpaka upande mmoja ufikishe alama 61 kati ya 120. Kwenye Magic, mchezo wa kadi alioubuni Mmarekani Richard Garfield na ulioingia sokoni mwaka 1993, mchezaji hujipangia mwenyewe deki ya kadi 60 na huamua ni rangi zipi kati ya tano atazitumia. Ndipo tamaa inapoingia: deki inashinda kwa rangi mbili, mwenyewe anataka ya tatu. Mara nyingi hujiumiza. Mjerumani Patrick Dickmann hakujiumiza, na inafaa kuona kwa nini.

Deki yenyewe ni Splinter Twin, iliyosimama juu ya bluu na nyekundu. Mwaka 2011 Mwitaliano Samuele Estratti alitwaa nayo mashindano ya Pro Tour ya Philadelphia. Njama yake ni fupi. Mwishoni mwa zamu ya mpinzani unamshusha kiumbe Deceiver Exarch kwa mana tatu, mana ikiwa nguvu ya kulipia kadi. Zamu yako ikifika, unamvika kadi ya Splinter Twin kwa mana nne. Sasa Exarch akilazwa anatoa nakala yake. Nakala ikiingia mezani inamsimamisha tena. Naye anatoa nyingine, na nyingine, bila kikomo. Zote zinaweza kushambulia papo hapo. Mchezo umekwisha.

Shida ni kwamba siri hiyo ilishajulikana na kila mtu. Kuanzia zamu ya tatu mpinzani alibakiza mana ya kumuua Exarch, na baada ya mchezo wa kwanza alitoa akibani kadi kama Torpor Orb, inayozima uwezo wa viumbe wa kufanya jambo wanapoingia mezani.

Dickmann aliongeza kijani, hasa kwa ajili ya Tarmogoyf. Kiumbe huyu ana gharama ya mana mbili tu, na nguvu yake ni idadi ya aina za kadi zilizomo kwenye makaburi, yaani mafungu ya kadi zilizokwisha kazi, ya wachezaji wote; uhai wake unazidi hapo kwa moja. Makaburini pakiwa na ardhi, kiumbe na aina mbili za uchawi, wa papo hapo na wa kawaida, tayari ni 4/5. Torpor Orb haimgusi. Mpinzani akitumia kadi yake ya kuua kwa Tarmogoyf, Exarch anapita. Akiibakiza kwa ajili ya Exarch, Tarmogoyf anamtafuna. Kijani hakikuja kuikoleza njama ya zamani. Kilileta njia ya pili ya kushinda, na jibu la njia moja halikutosha kwa nyingine. Februari 2014 Dickmann aliingia nayo nane bora kwenye Pro Tour ya Valencia.

Gharama iko kwenye ardhi, kadi zinazotoa mana. Ukianza wewe, kufikia zamu ya pili umeona kadi nane. Deki ikiwa na ardhi tatu tu za kutoa kijani, uwezekano wa kuwa umepata walau moja ni asilimia 35. Zikiwa tisa, ni 75. Zikiwa 12, ni 85. Kinachookoa hesabu ni ardhi za kutafutia, kama Misty Rainforest na Scalding Tarn, kwa sababu kila moja inaweza kwenda kuchukua Breeding Pool yenye bluu na kijani, hivyo nayo inahesabiwa kuwa chanzo cha kijani. Lakini kutafuta kunakula alama moja ya uhai, na Breeding Pool ikiingia tayari kwa kazi inakula mbili. Tatu kati ya ishirini za kuanzia zimeondoka kabla mpinzani hajakugusa. Isitoshe, Splinter Twin yenyewe inadai nyekundu mbili, kwa hiyo kila ardhi isiyotoa nyekundu inaichelewesha njama ya kwanza.

Kwa hiyo anayetaka rangi mpya aanze na swali la mpinzani: kadi anazoniwekea zitakuwa bure mbele ya rangi hii? Zikiwa bado zinafaa, amejinunulia ardhi ngumu bila faida. Zikiwa bure, ahesabu vyanzo, na visipofika tisa, atoe kadi nyingine kwanza zipishe ardhi.