'Hack': Farasi, Panga au Fundi?

Nilipokuwa mwaka wa kwanza niliandika insha ya kuhakiki riwaya pendwa moja. Kwa mbwembwe za mtu aliyeanza kujua vitabu juzi, nikamwita mwandishi wake 'hack', neno la Kiingereza katikati ya insha ya Kiswahili, eti nimemmaliza! Mhadhiri hakulikata. Aliandika pembeni kwa wino mwekundu: "Kwa maana ipi?" Swali hilo ndilo lililozaa makala haya.

Neno hili lina mizizi miwili. Wa kwanza, wa Kiingereza cha kale, ni kukatakata ovyo, kama mtu anayefyeka pori kwa panga butu. Wa pili ni farasi. 'Hackney' alikuwa farasi wa kawaida ambaye wasafiri walimkodi, na jina lake huhusishwa na Hackney, mahali palipomezwa na jiji la London. Baada ya farasi wa kukodi likaja gari la kukodi, kisha mwandishi wa kukodi, yule wa Grub Street katika karne ya 18 aliyeandika chochote alicholipiwa. Na kwa kuwa farasi huyo hupandwa na kila mtu hadi anachoka, tamathali iliyochakaa nayo ikaitwa 'hackneyed'.

Lakini kuanzia miaka ya 1950, wanafunzi wa chuo cha MIT, Marekani, waliligeuza tusi likawa sifa: 'hack' ni ufumbuzi wa kijanja, wenye utundu na ufundi. Magazeti ya miaka ya 1980 yakalitwaa tena, na 'hacker' akawa mwizi wa kompyuta.

Sasa mimi nilikusudia ipi? Nikisema kweli, nilimlaumu mwandishi kwa kuandika apate pesa. Yaani nilimtukana farasi kwa sababu amekodiwa! Hali Samuel Johnson, mhakiki mkubwa wa Waingereza, aliishi kwa kalamu ya kukodiwa, na Rasselas (1759) aliiandika harakaharaka apate fedha za mazishi ya mama yake. Bado inasomwa.

Kiswahili kina ndugu wa neno hili. 'Kibarua' ilikuwa barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanyakazi wa kutwa. Baadaye jina la karatasi likawa la mtu. Lakini nani anadai kwamba nyumba iliyojengwa na vibarua lazima ianguke?

Ndiyo maana naona sisi wahakiki tumewaonea waandishi wa riwaya pendwa, akina Elvis Musiba na Ben Mtobwa. Tunahakiki mfuko badala ya maandishi. Kama mhusika ni bapa, kama msuko unabahatisha, tuonyeshe. Hilo ndilo panga butu, na hata anayeandika bure anaweza kulishika.

Insha ile niliiandika upya. Riwaya bado naiona mbovu, bwana, ila safari hii nimetaja kurasa. Neno 'hack' halimo.