Nyimbo Azipendazo Mtunzi na Nyimbo Zilizomlea: Uhakiki wa Orodha ya Bob Dylan

Tangu Bob Dylan atunukiwe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2016, wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani wamebishana kama wimbo waweza kuitwa ushairi. Ubishi huo hauna uzito mkubwa kwa mwanafunzi wa ushairi wa Kiswahili, ambao tangu jadi hutungwa ili uimbwe. Swali lenye uzito ni jingine: mtunzi anapotaja nyimbo azipendazo, je, ndizo nyimbo zilizomfunza kutunga? Wengi waliokipokea kitabu chake kiitwacho The Philosophy of Modern Song, kilichotoka Novemba 2022, walijibu kwamba ndizo. Jibu hilo halina budi kupimwa.

Kitabu hicho kina insha 66, na kila insha inahusu wimbo mmoja uliorekodiwa. Kinaanza na "Detroit City" ulioimbwa na Bobby Bare, kikaishia kwa "Where or When" wa Dion. Katikati wamo Hank Williams, Little Richard, Ray Charles, Elvis Presley, The Who, The Clash, hata Mwitaliano Domenico Modugno. Aghalabu ni nyimbo za redio na za vilabuni, zilizopendwa na umma kabla ya kupendwa na wasomi, na hapo Dylan anastahili sifa: hauonei haya wimbo wa dakika tatu uliotungwa kwa ajili ya soko.

Insha nyingi zina sehemu mbili. Katika sehemu ya pili Dylan anasimulia habari za mwimbaji au za mtungaji, na mara nyingine anapotea mbali. Wimbo wa Johnnie Taylor, "Cheaper to Keep Her", unamfikisha kwenye mawakili wa talaka na hatimaye kwenye utetezi wa ndoa ya mitara, utetezi ambao msomaji wa Afrika Mashariki hatashangazwa na mada yake bali na wepesi wa hoja zake. Sehemu ya kwanza ndiyo yenye sanaa. Humo Dylan anamsemesha msomaji kwa "wewe", anamvika nafsi ya mhusika wa wimbo, na kuyarefusha maudhui mpaka mambo ambayo mtungaji wa awali hakuyatamka.

Mbinu hii si ngeni kwa mjuzi wa takhmisi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alilichukua shairi lililonasibishwa na Liyongo, akazitangulizia beti zake mishororo yake mwenyewe, hata kila ubeti ukawa wa mishororo mitano. Dylan naye anatanguliza maneno yake mbele ya wimbo wa mwingine. Lakini mwenye kutunga takhmisi amefungwa na vina vya aliyemtangulia. Hawezi kwenda apendako, na kifungo hicho ndicho heshima yake kwa shairi la kale. Nathari ya Dylan haina kifungo. Pale wimbo unapokuwa na maneno machache, uhuru huo unauzidishia maana. Pale wimbo unapomhusu mwanamke, kama "Witchy Woman" wa Eagles, uhuru unageuka kuwa mfululizo wa vitisho ambavyo wimbo wenyewe haukuvibeba.

Hata hivyo, takhmisi ni ufafanuzi wa shairi lililokwisha kupendwa. Haionyeshi mtunzi alijifunza wapi kutunga. Kwa hilo sharti turejee ushahidi mwingine. Katika Chronicles, Volume One (2004), Dylan anaeleza jinsi alivyoyanakili maneno ya Robert Johnson katika vipande vya karatasi ili aone yamejengwaje, na jinsi alivyoufumua "Pirate Jenny" wa Brecht na Weill, kiungo kwa kiungo, apate kujua nguvu zake zatoka wapi. Huo ni mwenendo wa fundi karakanani. Santuri yake ya kwanza, ya mwaka 1962, ina nyimbo 13, na mbili tu ndizo alizozitunga mwenyewe. Mojawapo, "Song to Woody", inafuata mahadhi ya wimbo wa huyo huyo Woody Guthrie anayemsifu. Katika mwaka huo huo alitunga "A Hard Rain's A-Gonna Fall" kwa kufuata majibizano ya mama na mwana yaliyomo katika wimbo wa kale wa Uingereza na Uskoti, "Lord Randal". Maswali ya mzazi yamebaki mafupi. Majibu ya mwana yamerefushwa mpaka yakawa utungo mpya.

Mfano ulio bora kabisa ni "Blowin' in the Wind". Mwaka 1978 Dylan alisema kwamba wimbo huo ulitokana na "No More Auction Block", wimbo wa Wamarekani Weusi waliotoka utumwani. Mwaka 2015, katika hotuba yake mbele ya MusiCares, aliutaja "John Henry" kuwa ndio uliomwezesha kuutunga. Msomaji mwenye haraka ataona kwamba mtunzi amejipinga. Lakini huenda kauli zote mbili ni za kweli, kwa kuwa wimbo una nasaba mbili: mahadhi yaweza kuwa na mzazi mmoja na usemi ukawa na mwingine. Mahadhi yanamwelekea yule wa kwanza bila shaka. Na katika kuyachukua, Dylan alifanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulieleza: wimbo wa watumwa hukanusha, ukihesabu mateso yaliyokwisha, wa Dylan huuliza, kana kwamba hakuna lililokwisha.

Sasa mtu airejee ile orodha ya nyimbo 66. Hamna wimbo wa Guthrie. Hamna wa Robert Johnson. Walioifumua akili ya kijana huyu hawakupata insha, ilhali waliomburudisha wamepata. Waimbaji wanawake waliopewa insha ni wanne tu: Judy Garland, Rosemary Clooney, Nina Simone na Cher. Kutetea uchache huo kwa kusema kwamba ndivyo mtunzi alivyolelewa hakuwezekani, maana ushahidi wake mwenyewe unakataa. Mwaka huo huo wa 1978 alikiri kwamba aliyemvuta kwanza kwenye nyimbo za jadi alikuwa mwanamke, Odetta, mwimbaji Mweusi mzaliwa wa Alabama. Odetta ndiye aliyeuimba "No More Auction Block" katika santuri yake ya Carnegie Hall ya mwaka 1960, miaka miwili kabla Dylan hajautunga wimbo wake maarufu. Mwaka 1965 mama huyo alitoa santuri nzima ya nyimbo za Dylan na kumtaja katika jina la santuri hiyo. Katika zile insha 66, hakuna hata moja inayohusu wimbo wa Odetta.