Sifa za Mchoma Chokaa

Vitabu vya kemia ya mwanzo hupenda kututenganishia mambo mawili: badiliko la kimaumbile na badiliko la kikemia. Barafu ikiyeyuka ni maji yale yale, utaigandisha tena ukitaka. Kuni zikiungua, basi, zimekwenda. Mwanafunzi anakariri, anapata alama zake, na anabaki akiamini kwamba kilichopita motoni hakina njia ya kurudi. Mimi ningelianza somo hilo kwenye tanuu la chokaa.

Tanuu la pwani, la Lamu au la Unguja, si jengo. Ni magogo yaliyopangwa duara, tabaka juu ya tabaka, katikati pameachwa tundu la kutilia moto, na juu yake yamerundikwa vipande vya matumbawe. Ufundi wenyewe umo katika kupanga. Magogo yakibanana mno, hewa haipiti. Yakiachana, rundo linaporomoka jiwe halijaiva. Na jiwe hili haliivi kwa moto wa kuchemshia chai: linataka nyuzi 900 hivi za Selsiasi, na lizipate mpaka kwenye kiini. Mchomaji hana kipimajoto. Ana rangi ya makaa, na baadaye ana kiganja chake, kwa maana jiwe lililoiva ni jepesi.

Wepesi huo ulimshughulisha Joseph Black, tabibu wa Uskoti, katika miaka ya 1750. Alikuwa akitafuta dawa ya mawe ya kibofu, akajikuta akipima chokaa kabla ya moto na baada yake. Aligundua kwamba kilichotoka ndani ya jiwe ni hewa, tena hewa ya aina nyingine, isiyo hii tunayoivuta. Leo tunaiita hewa ya ukaa. Hesabu yake imekaa vizuri kiasi cha kushangaza: gramu 100 za kalsiamu kaboneti safi, ambayo ndiyo dutu ya matumbawe, zikichomwa sawasawa huacha gramu 56 za chokaa, na gramu 44 zimepaa. Hakuna kilichopotea. Kimehama.

Chokaa iliyotoka motoni ina kiu kali. Ukiimwagia maji inafoka, inatoa joto la kuunguza mkono, na zile gramu 56 hunywa gramu 18 za maji. Mafundi wa zamani hawakuwa na pupa nayo. Rundo liliachwa wazi, likapigwa na umande na mvua kwa wiki, pengine kwa miezi, mpaka vipande vikapukutika vyenyewe vikawa unga. (Chokaa hii, ikishalainishwa, ndiyo inayopakwa kwenye jani la tambuu, na kwa kiasi, maana ikizidi inachoma ulimi.)

Kisha mwashi huichanganya na mchanga, akajengea. Hapo ndipo jambo ninalolipenda hutokea, polepole na bila mtu kulisimamia. Ukuta unavuta kutoka hewani zile gramu 44, unatoa zile gramu 18 za maji, na jumla inarudi kuwa 100. Jiwe limerudi kuwa jiwe. Kuba za msikiti mkuu wa Kilwa Kisiwani zimeshikamanishwa na kitu kilichoungua kikajirudia.

Sisemi kwamba mchoma chokaa alikuwa mkemia. Hakuhesabu gramu wala hakuwaza atomu, na kumvika kilemba kisicho chake si kumsifu. Alijua kupanga gogo, kutambua jiwe bichi, na kungoja. Wala siifichi gharama: tanuu lilikula miti mingi, na matumbawe hayaoti kama majani.

Darasani jambo hili linaonekana kwa dakika moja. Mwanafunzi anapuliza kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, nayo yanageuka meupe kama tui: hiyo ni kalsiamu kaboneti, ileile ya ukuta na ya matumbawe. Walimu wengi huishia hapo, nami naona wanaishia mapema. Mwache aendelee kupuliza. Weupe unatoweka, maji yanang'aa tena, kwa sababu hewa ya ukaa ikizidi majini huyeyusha kile ilichokijenga. Mapango ya Amboni, kule Tanga, yalichimbwa na maji ya namna hiyo katika mwamba wa chokaa.

Mvua nayo hubeba hewa hiyo, na kila masika huramba kuta kidogo. Ndiyo maana nyumba ya chokaa hupakwa upya, mkono baada ya mkono. Wanaoziba nyufa za Mji Mkongwe kwa saruji huona wamemaliza kazi, ilhali saruji ni ngumu kuliko ukuta wenyewe, inafungia unyevu na chumvi ndani, na lipu inabanduka. Fundi wa chokaa hupaka akijua kwamba ataitwa tena.