Ahadi ya Josiah Henson

Kitabu tunachokipima mwezi huu si kinene, nacho kilipigwa chapa mjini Boston, Marekani, mwaka 1849. Ni habari za maisha ya Josiah Henson, aliyezaliwa utumwani katika nchi ya Maryland mwaka 1789. Mwenyewe alisimulia kwa kinywa, na Samuel Eliot akaandika. Basi msomaji asistaajabu akikuta mahali pengine mtu wa shamba anasema kama mtu wa chuo.

Vitabu vingi vya uchaji humwonyesha mwenye haki akidhulumiwa, kisha akipewa thawabu, na katikati hapana swali lo lote. Kitabu cha Henson si cha namna hiyo, na kwa sababu hiyo twakihesabu kuwa bora. Chatuuliza jambo lililo gumu: Mkristo akimwahidi mtu mdhalimu, amefungwa kwa kiasi gani?

Henson alipata imani akiwa kijana wa miaka 18, aliposikia mahubiri kwamba Kristo alionja mauti kwa ajili ya kila mtu. Kila mtu, basi na mtumwa pia. Tangu siku hiyo alijitahidi kuwa mwaminifu katika kazi zote, hata bwana wake, Isaac Riley, akamfanya msimamizi wa shamba. Mwaka 1825 Riley alilemewa na madeni. Akamjia Henson akilia, akamsihi awapeleke watumwa kwa ndugu yake katika Kentucky, wasije wakakamatwa na wadai. Henson akatoa ahadi. Akasafiri na watumwa 18, pamoja na mkewe na watoto wake wawili, wala hapakuwa na mzungu wa kuwalinda.

Walipofika Cincinnati, katika nchi ya Ohio ambako utumwa ulikuwa umekatazwa, watu weusi walio huru waliwasihi wabaki. Wenzake wakaanza kutamani. Henson akakataa, kwa kuwa alikuwa ameahidi. Akaamuru mashua itoke ufukoni, nao wakaendelea mpaka Kentucky. Mwaka 1828 Riley akatuma mtu awauze wale watumwa, ila Henson na jamaa yake. Hivyo ndivyo machozi yake yalivyolipa uaminifu ule.

Dhuluma haikukoma hapo. Henson, ambaye sasa alikuwa mhubiri, alikusanya fedha ili ajikomboe. Walipatana dola 450. Akalipa 350, na 100 zikabaki deni. Aliporudi Kentucky akaambiwa kwamba bei ni dola 1000. Baadaye akapelekwa kwa mashua kwenda New Orleans ili auzwe, pamoja na kijana wa jamaa ya Riley. Usiku mmoja, wazungu wote wakiwa wamelala, alishika shoka, akainua mkono. Ndipo akakumbuka kwamba yeye ni Mkristo, naye yu karibu kuua. Akaliweka chini. Muda si mwingi yule kijana akashikwa na homa kali, naye Henson akamwuguza na kumrudisha kwao akiwa hai. Lakini aliona wazi kwamba hata wema huo hautamwokoa na mnada. Mwaka 1830 akatoroka na mkewe na watoto wanne, wadogo wawili akiwabeba mgongoni. Wakapita tena Cincinnati, na safari hii hawakurudi nyuma, hata wakafika Canada tarehe 28 Oktoba.

Wako wasomaji watakaosema: Alipotoroka alivunja uaminifu wake. Wengine watasema: Alikosa akili alipoliacha shoka. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekisoma kitabu nusu. Imani iliyouzuia mkono wake usiue ndiyo iliyompa miguu ya kukimbia. Kutomlipa mtu ovu kwa ovu ni jambo moja. Kukubali kuwa mali yake ni jambo jingine. Bibi Harriet Beecher Stowe, katika hadithi yake ya mwaka 1852, alimchora mtumwa Tom ambaye hakutoroka, akafa kwa mapigo. Watu wengi wamemwita Henson kwa jina la Tom huyo. Lakini Henson alikimbia, wala hakumwacha Kristo nyuma.

Hata hivyo kiini cha kitabu ni lile jambo la Cincinnati. Wahenga wetu walisema ahadi ni deni, na neno hilo ni kweli. Lakini mtu hulipa deni lake kwa mali yake mwenyewe, halipi kwa mali ya jirani. Henson alilipa ahadi yake kwa uhuru wa watu 18. Naye hafichi neno hilo: asema aliona shaka na uchungu mwingi kwa ajili ya tendo lile, ingawa wakati ule alidhani atenda haki. Mtunzi mwenye kujipenda angaliruka ukurasa huo.

Kasoro moja twaitaja. Twasikia majuto ya Henson kuliko habari za wenzake. Walikwenda wapi, walikufaje, kitabu hakituambii. Kwa hiyo msomaji yampasa asome polepole, akiwakumbuka hao wasiopata mwandishi.

Na faida yake kwetu? Wengi wetu tumepewa amana: mzee wa kanisa, mwalimu, mtunza hazina, msimamizi wa kazi. Mkubwa wetu akituomba neno kwa machozi, kabla ya kujibu ndiyo na tuulize kwanza ni nani atakayelipa. Ikiwa ni sisi, na tuvumilie. Ikiwa ni wanyonge waliotufuata kwa kutuamini, hapo kukataa ndiko uaminifu.