Pongezi kwa Watabibu wa Viungo
Mtu aliyevunjika paja katika mteremko wa Kitonga hudhani mashaka yamekwisha plasta ikatwapo, kumbe goti limekakamaa na msuli umesinyaa. Ndipo watabibu wa viungo wa Iringa na Mbeya, asubuhi za baridi kali ya Juni, humpokea, wakapiga magoti sakafuni, wakashika kisigino kwa mkono mmoja na paja kwa mwingine, wakalikunja goti taratibu hadi penye maumivu, wakangoja, wakarudia. Akikata tamaa hawamkemei wala hawamhadai: humtaka hatua tatu leo, kesho nne, kisha ngazi, maana shamba lake la Rungwe liko mlimani. Daktari aliyepasua tunamshukuru, na ni haki yake. Huyu aliyeturudishia mwendo, kwa saburi ya miezi, mara nyingi hata jina hatukumwuliza.