Picha ya Sinema Ukumbini na Mkononi

Msomaji, yako maneno mawili yasemwayo siku hizi juu ya picha za sinema, na yote mawili husemwa kwa haraka. La kwanza ni kwamba ukumbi umekufa na simu imeurithi. La pili ni kwamba aitazamaye picha simuni hajaitazama. Mimi nafundisha walimu watarajiwa katika milima hii ya Gusii, nami huyasikia yote mawili katika chumba kimoja, aghalabu siku moja. Heri tuyapime kwa picha moja ya kwetu Kenya kuliko kubishana bure.

Lakini kwanza tutazame asili. Wengi hudhani kwamba kutazama picha peke yako ni jambo jipya. Sivyo. Mwaka 1894, mjini New York, palifunguliwa duka lenye masanduku ya Thomas Edison. Mtu alilipa, akainama, akachungulia tunduni, akaona picha zikienda. Na jirani yake akachungulia sanduku lake. Ndugu wawili wa Ufaransa, Auguste na Louis Lumière, ndio walioitupa picha ukutani mbele ya watu waliolipa kuketi pamoja, mjini Paris, tarehe 28 Desemba 1895. Basi simu si mtoto wa ukumbi. Ni mjukuu wa sanduku.

Huku kwetu picha ilifika vijijini kwa lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, zilitengenezwa picha za kuwaonyesha Waafrika, nazo zikazungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Moja ilihusu ugonjwa wa safura, nyingine akiba ya posta. Sitazisifu kwa utamu. Ila zilithibitisha jambo moja, ya kuwa ukumbi hauhitaji viti wala kuta: watakikana watu, giza, na kitambaa cheupe.

Jambo hilo ndilo kiini cha picha niliyoichagua. Jina lake ni Supa Modo, iliyoongozwa na Likarion Wainaina, ikaonyeshwa katika tamasha la Berlin mwaka 2018. Ni habari ya Jo, msichana wa miaka tisa, mgonjwa asiyetarajiwa kupona, apendaye mno picha za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Mama yake anamtoa katika nyumba ya wagonjwa na kumrudisha kijijini, akitaka kumhifadhi ndani. Dada yake, Mwix, anaona kwamba kumfungia mtoto ni kumzika kabla ya wakati. Anawashawishi wanakijiji wajifanye kana kwamba Jo ana nguvu kweli. Na baadaye kijiji kizima kinashirikiana kumtengenezea picha yake mwenyewe. Sitakusimulia mwisho.

Liko tukio moja ambamo Jo anaamuru wakati usimame, na watu wote wanaganda walipo. Ukilitazama katika simu, utamwona Jo vizuri, lakini wale watu wa nyuma wanakuwa kama sisimizi. Hutambui ni nani anayejizuia kucheka, wala mzigo wa nani unataka kuanguka. Na uzuri wa tukio umo humo nyuma! Jo ni mmoja, bali upendo umetandazwa katika miili ya majirani wengi. Penye kitambaa kikubwa jicho linatangatanga, likimwokota huyu na yule. Kicheko kinaanzia kona moja, kinaenea, kisha kinakatika ghafula watu wakumbukapo sababu ya mchezo wote. Ukimya ule hauwezi kuupata peke yako kitandani. Wazee wetu walijua hayo katika emegano, hadithi za jioni: kisa kile kile huogofya zaidi jirani yako akishtuka.

Hata hivyo sikubali kwamba simu ni adui. Katika miji yetu midogo, ukumbi ulikuwa kibanda cha video chenye mabenchi, na picha za mapigano zikitafsiriwa kwa Kiswahili na sauti ya DJ Afro. Namsifu mtu huyo: ana ufasaha, na amewapa maelfu ya watu njia ya kuingia katika hadithi za mbali, ijapokuwa maneno ya mwigizaji hufunikwa yasisikike kabisa. Lakini ni wasichana wangapi walioruhusiwa na wazazi wao kuketi katika kibanda kile jioni? Wachache sana. Kwa wengi wao mlango wa ukumbi ulikuwa wazi kwa kaka zao tu. Simu imewafungulia, na asemaye kwamba mtazamaji wa simu hajatazama anawafukuza mara ya pili.

Ila mlango huo nao una bawabu. Netflix ilifika Kenya Januari 2016. Septemba 2021 iliwapa Wakenya wenye simu za Android sehemu ya picha zake bila malipo. Mwaka 2023 ikaufunga mpango huo. Aliyezoea kutazama bure aliambiwa alipe au aondoke. Na bado hatujahesabu gharama ya data, ambayo huko Nyansiongo au Ogembo yaweza kumfanya mtu akatize picha katikati.

Kwa mhakiki, simu ina faida moja kubwa: hurudi nyuma. Tukio la mama na Mwix wakigombana ndani ya nyumba nimelitazama mara nyingi, nami ndipo nilipomwelewa mama. Ukumbini nilikuwa upande wa Mwix pamoja na watu wote. Pale hapana nafasi ya kumtetea mtu anayezuia furaha.

Kwa hiyo wanafunzi wangu huitazama Supa Modo kwanza pamoja, katika bwalo, kwa shuka na projekta, kisha kila mmoja peke yake kabla ya kuandika. Twaanza asubuhi. Alasiri mvua ya Kisii hupiga mabati, na hapo hata DJ Afro hasikiki.