Kikwapa Kwanza: Kupima Vazi la Kuwindia Kanga na Kwale

Vazi la kuwindia kanga, kwale, njiwa na sungura hupimwa likiwa mwilini, mikono imeinuliwa. Halipimwi likiwa limetundikwa ukutani. Kanuni hii ndogo imesahaulika kiasi kwamba gwanda lenye mifuko 11, zipu 5 na mabaka ya kijani husifiwa siku hizi kuwa ndilo la uwindaji hasa, na wanaolisifu ni watu ambao hawajawahi kurukiwa na kwale kutoka miguuni pao. Sifa hizo zimewaharibu mafundi wazuri. Wanashona vibaya makusudi, maana mlipaji ndiye anayetaka hivyo.

Kitambaa ni kaki nene ya pamba tupu. Kipimo chake ni cha zamani: uzi huchomolewa pindoni na kuwashwa kiberiti. Wa pamba huungua ukatoa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini; wa poliesta huyeyuka ukaacha shanga ngumu. Wauzaji wajanja huweka kipande cha pamba safi mfukoni kwa ajili ya kiberiti hicho tu, wakauchoma uzi wa kipande hicho mbele ya mteja huku jora lililoko mezani ni la mchanganyiko. Kwa hiyo uzi huchomolewa na mnunuzi mwenyewe, tena nyuzi mbili, mmoja wa mtande na mmoja wa mshindio, kwa kuwa ziko kaki ambazo mtande wake ni pamba na mshindio ni plastiki.

Sababu ya kung'ang'ania pamba ni mlio. Poliesta huchakacha mkono unapopita ubavuni, na kanga wana masikio. Kundi lao likishtuka halijirushi hewani mara moja. Hukimbia, na mtu mzima anayewakimbilia kwenye vichaka vya kikwata huwafurahisha watoto wa kijiji tu. Kaki mpya nayo hupiga kelele kwa sababu ya wanga wa kiwandani. Hufuliwa mara 4 au 5 kabla ya kupelekwa porini, na anayeivaa ikiwa bado na mikunjo ya dukani hana haja ya kuulizwa alirudi na nini.

Rangi haihitaji mjadala mrefu. Neno kaki lenyewe lina asili ya Kiajemi na maana yake ni vumbi, na rangi ya vumbi yatosha. Buluu na nyeusi huita mbung'o. Wataalamu hutengeneza mitego ya wadudu hao kwa vitambaa vya rangi hizohizo, na bado mtu huingia pori la mbung'o na suruali ya jinzi, kisha akalalamika. Mabaka ya kijeshi ni kosa juu ya kosa: Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliwapa raia siku 7 kusalimisha sare za jeshi na mavazi yanayofanana nazo. Kuhusu madoadoa, kanga mwenyewe anayo ya kutosha, hata wanawake wa Pwani wakalipa vazi lao jina lake.

Ushonaji ndio penye siri, na ndipo mgeni wa fani hupita bila kuona. Yeye hutazama mifuko, vifungo, kola, kiraka cha begani. Mjuzi huinua mkono wa shati na kuchungulia kwapani. Shati lililoshonwa kimjini lina duara la mshono tu hapo: mkono umeungwa na badani, basi. Mvaaji akiinua bunduki, mkono huvuta badani, badani huchomoa pindo kwenye mkanda, na kitambaa hujikunja begani palepale kitako cha bunduki kinapotakiwa kukaa. Kitako hunasa kwenye mkunjo, naye hukisukuma mara ya pili. Kwale hamngojei mtu wa mara ya pili. Akishatoka kwenye nyasi, sekunde 2 au 3 baadaye yuko nyuma ya kichaka.

Kikwapa huondoa taabu hiyo yote. Ni kipande cha mraba, sentimita 8 hadi 10 kila upande, cha kitambaa kilekile, kilichopachikwa kwa pembe ili mshazari wa kitambaa, ambao hunyumbuka, uangukie mahali mkono unapovutwa. Washonaji wa kanzu wanakijua tangu zamani. Kanzu isiyo na kikwapa wala taharizi ni gunia lenye mikono. Kazi ngumu iko kwenye pembe nne za kile kipande. Mashine ikipita pembeni bila kusimama na kugeuka juu ya sindano, tundu dogo hubaki, na shati huanzia hapo kuchanika. Fundi wa kweli huzikaza pembe hizo kwa mkono, kwa uzi uliotiwa nta.

Husimuliwa habari za fundi mmoja wa kanzu, huko Tabora, aliyeshonea pia wawindaji. Hakupokea fedha kabla ya kumpa mteja fagio na kumwambia alenge pembe ya dari. Mteja akilenga kulia, kushoto, juu, mzee hakumtazama usoni; alitazama pindo. Likipanda zaidi ya vidole viwili, shati lilivuliwa na kufumuliwa siku hiyohiyo. Aliyetaka zipu alielekezwa kwa jirani.

Palipo na mabingwa hapakosi walaghai. Baada ya wanunuzi wachache kuanza kuulizia kikwapa, yalitokea mashati yenye kipande cha mraba kilichobandikwa juu ya mshono wa kawaida, kimepigwa mashine pande zote, kizuri kama nembo. Kiraka hicho hakinyumbuki, kinakaza zaidi. Kukigundua ni rahisi: mkono hupinduliwa ndani nje. Kikwapa halisi huonyesha mishono minne inayozunguka kipande kimoja. Cha uongo huonyesha mshono wa zamani ukipita katikati, mzima, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kiraka cha begani kiwe cha kaki ileile. Cha ngozi huteleza, nacho ni cha kupigia picha. Vifungo ni vya matundu manne. Kola ni fupi. Mambo haya hayana ubishi.

Mifuko minne yatosha, miwili ya chini ikiwa na mikunjo ya pembeni ili ipanuke kwa risasi za marisaa. Kifuniko cha mfuko wa risasi lazima kiweze kukunjwa na kuingizwa ndani, mkono ushuke moja kwa moja. Mfuko wa mgongoni wenye bitana ya plastiki, unaosifiwa kwa kuzuia damu, hufanya kazi moja kwa uhakika: huchemsha nyama. Kanga mmoja ana kama kilo 1.3, watatu ni karibu kilo 4 za ndege wenye joto, na dawa yao ni kamba ya mkonge kiunoni, hewa ipite.

Suruali ni ndefu. Kaptula ina heshima yake barazani, lakini upupu hauheshimu mtu. Pindo huingizwa ndani ya soksi za sufu, na soksi hizo hurudi zimejaa kishona nguo, jambo lisiloepukika. Buti ziwe za ngozi laini, soli isiyo na kisigino kirefu. Wawindaji wa gobore hutembea kwa katambuga na hawasikiki. Wanunuzi wa buti za bei kubwa wangejifunza kwao jinsi ya kuweka mguu chini. Kofia ni pama ya ukingo mfupi, maana ukingo mpana humficha njiwa anayepita utosini. Wapigaji wakizidi wawili, utepe wa rangi ya machungwa huzungushwa kwenye kofia. Ndege watauona, na wauone. Marisaa ya mpigaji mwenza hayachagui.

Ufuaji ni kwa sabuni ya mche. Sabuni nyingi za unga hutiwa kemikali za kung'arisha, na kaki iliyofuliwa kwazo hutoa mng'ao wa buluu juani. Jicho la binadamu lina aina tatu za chembe za kutambua rangi, la ndege wengi lina nne. Asichokiona mwenye shati, kwale hukiona. Kaki huanikwa kivulini, imepinduliwa.

Zamani kitambaa kilinunuliwa kwa mita na kupelekwa kwa fundi aliyemjua mtu mabega yake. Kaki ilidumu hadi mtoto akairithi. Siku hizi wenye busara huchambua mitumba, ambamo mashati ya kazi ya pamba nzito bado hupatikana, kisha humpa fundi ayafumue kwapani na kupachika kikwapa, kwa kitambaa kinachokatwa kwenye mkia wa shati lenyewe. Kwa shati jipya, mita 2 na nusu za jora la kawaida humtosha mtu wa wastani, na fundi mwaminifu huviringisha vipande vilivyobaki, akavifunga kwa uzi na kuvitia kwenye mfuko wa kushoto, viwe viraka vya mwaka ujao.